Tanzia Kwenye Mlango wa Benki

Tanzia ya shangazi yangu Gergina imebandikwa mahali panne: kwenye lango la nyumba yake, kwenye nguzo ya kituo cha basi, kwenye mlango wa kanisa, na kwenye mlango wa benki mjini. Tatu za kwanza nilizibandika mimi kwa mikono yangu. Ya nne aliibandika meneja wa benki mwenyewe. Mgeni atadhani ni heshima kwa mteja wa siku nyingi. Sisi wa kijiji cha Vranov Rid tunajua kwamba kuna kisa, na kwa kuwa arobaini yake inakaribia na watu wataniomba nikisimulie mezani, naona bora nikiandike, nisije nikaanza kulia katikati kama nilivyofanya siku ya maziko.

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka kilima cha pili. Alifunga Jumatano na Ijumaa, hakukosa ibada hata theluji ikifika magotini, na pamoja na hayo yote sijapata kuona mtu aliyempa Mungu kazi kubwa ya kusamehe kama yeye. Mumewe, Tsolo, alikuwa kinyume chake. Alikuwa mpole, mkimya, na alipenda kukaa. Alifariki mwezi wa Mei akiwa kwenye benchi mbele ya nyumba, na kwa kuwa hapo ndipo alipokaa siku zote, ulipita muda kabla mtu hajashtuka.

"Hata mauti hayakumsumbua," alisema shangazi. "Yamemkuta tayari ameketi."

Alimlilia sana. Hawakujaliwa mtoto, na ng'ambo ya pili ya kitanda ilipobaki baridi hakuwa na wa kumgombeza ila mbuzi na mimi. Akaenda benki akachukua mkopo, akamnunulia Tsolo jiwe la marumaru lenye picha mbili: ya Tsolo na ya kwake mwenyewe. Chini ya picha yake ulichongwa mwaka wa kuzaliwa na kistari, halafu nafasi tupu. Kila tulipokwenda kuwasha mishumaa aliifuta ile picha yake kwa leso na kuiambia, "Subiri, wewe. Bado nina kazi."

Marejesho ya mkopo yalikatwa katikati ya kila mwezi kwenye akaunti ile ile iliyopokea pensheni yake. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, maana shangazi hakuacha pesa benki hata usiku mmoja. Siku ya pensheni alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akatoa zote, akazitia kifuani.

"Pesa ikilala benki," alisema, "huota ndoto za watu wengine."

Siku ya rejesho ikifika, alizirudisha dirishani kwa mkono wake. Keshia, binti mmoja mchangamfu aliyeitwa Yoana, alikwisha kumzoea. Mambo yalikwenda hivyo vizuri hadi mwaka uliofuata, rejesho lilipoangukia Ijumaa Kuu.

Kwetu, Ijumaa Kuu mtu hashiki sindano, hapigi msumari, hafui nguo; huenda kanisani kupita kwa magoti chini ya meza ya Bwana, apate baraka. Shangazi aliongeza la kwake: hahesabu pesa, kwa sababu ya Yuda. Benki yenyewe ilikuwa imefungwa, wafanyakazi wote wako kanisani. Akajiambia kwamba watu wa benki nao wamebatizwa, wataelewa. Kumbe watu walibatizwa, mashine haikubatizwa. Siku ile ile Mwokozi alipokuwa kaburini, mashine ilichungulia ndani ya akaunti ya Gergina, ikakuta tupu, ikaizuia.

Jumanne baada ya Pasaka, kabla sisi hatujajua lolote, mfanyabiashara aliyenunua mbuzi wanne wa shangazi alimtumia malipo yake kwenye akaunti hiyo. Pesa ziliingia bila taabu. Mlango wa kuingilia ulikuwa wazi. Wa kutokea ndio uliofungwa.

Mimi ndiye niliyempeleka mjini kwa gari langu. Alilipa rejesho lililopita pamoja na faini, kwa noti alizozitoa kifuani, kisha akaegemea dirisha.

"Haya, nimelipa. Nifungulie."

"Mama Gergina, sisi hatuwezi kufungua," alisema Yoana. "Ni mfumo."

"Mfumo yuko chumba gani?"

"Mfumo uko makao makuu, Sofia."

"Basi mpigie simu. Mwambie Gergina wa Vranov Rid amekuja."

Meneja akasikia kelele, akatoka. Plamen Ushev alikuwa kijana bado, tai imekaza shingo, na uso wa mtu aliyefaulu mitihani yote isipokuwa ile ya kuzungumza na wanawake wazee.

"Mama, tafadhali. Akaunti ilizuiwa kwa kukosa rejesho. Umelipa, hongera sana. Tumeshaandika ombi, majibu yatatoka ndani ya siku thelathini za kazi."

"Za kazi ya nani?"

"Siku za kazi tu, mama. Sikukuu hazihesabiwi."

"Lakini Ijumaa Kuu ilihesabiwa."

Yoana alicheka, akajifanya anakohoa. Shangazi akamkazia macho meneja.

"Wewe si mtoto wa Nayda wa Dolni Brod?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ijumaa Kuu ulikuwa wapi?"

"Kanisani, na mama yangu."

"Ulipita chini ya meza ya Bwana?"

"Nilipita, mama. Kila mwaka napita."

"Aha. Wewe umepiga magoti unapita chini ya meza, huku mashine yako inanipekua mifukoni. Haya mwanangu, Mungu amekuona. Sasa nipe pesa za mbuzi wangu, nina kumbukumbu ya mume wangu."

Hakumpa. Hakuweza, masikini, na naandika hivyo kwa haki. Lakini ni lazima nieleze kumbukumbu yenyewe ilikuwa na uzito gani. Mwaka wa Tsolo ulikuwa unatimia Alhamisi ya wiki ya tatu tangu siku ile. Kumbukumbu ya marehemu unaweza kuiwahisha, kuichelewesha huwezi. Ukichelewa, marehemu huketi siku yake mbele ya meza tupu huku majirani zake wa huko wakila. Na chakula hicho lazima kitoke kwa pesa ya nyumba yake. Ukilisha watu kwa pesa ya kuazima, chakula kinawaendea wafu wa aliyekuazima. Wakubwa wetu wametufundisha hivyo, na shangazi aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Nilimwambia, "Shangazi, chukua zangu. Mimi ni damu yenu."

"Asante, Nevena. Zitakwenda kwa marehemu mama yako. Naye namjua, hatampa Tsolo hata mfupa. Hawakupatana tangu harusi yetu."

Kwa hiyo hakukuwa na njia nyingine: ama zifunguliwe pesa za wale mbuzi, ama Tsolo, aliyependa kula akiwa amekaa, akae bila kula.

Siku iliyofuata shangazi aliandika kwa mkono karatasi kubwa: BENKI HII IMEKULA MBUZI WANGU WANNE NA BADO HAIJASHIBA. Akaibandika kwenye mlango wa benki. Plamen Ushev akatoka, akaisoma, masikio yakawa mekundu, akaing'oa.

"Mama, mlango huu ni mali ya benki. Hairuhusiwi kubandika."

Shangazi hakubishana. Alikuwa anautazama mlango. Pembeni, juu ya kioo, palikuwa na tanzia ya mfamasia mmoja mstaafu aliyekufa tangu majira ya baridi. Karatasi imepauka, picha imebaki kipara na miwani tu.

"Hii mbona hukuing'oa?"

"Hiyo ni tanzia, mama!" alisema Plamen, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hapigi mluzi kanisani. "Tanzia haing'olewi kwa mkono. Mvua ndiyo huing'oa."

"Ahaa," alisema shangazi.

Hilo tu. Lakini mimi niliijua ile "ahaa." Mara ya mwisho kuisikia, mwenyekiti wa kijiji alijiuzulu.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Mincho, anayeuza maua na kuchapa tanzia, za msiba na za kumbukumbu ya mwaka, chumba cha nyuma. Shangazi alimtajia maneno bila kusita, kana kwamba alikuwa nayo moyoni tangu utotoni. Yalitoka yakiwa ndani ya fremu nyeusi, msalaba juu, picha ya Tsolo katikati, ameketi:

"Mwaka mmoja tangu alipotuacha mpendwa wetu Tsolo Tsanev, mume mwema, ambaye hakumkosea mtu kwa sababu hakupenda kuinuka. Kumbukumbu yake itafanyika Alhamisi, saa tano asubuhi, ndani ya benki mjini, kwa kuwa mbuzi wake wamo humo. Wote mnakaribishwa. Wafiwa: mke wake Gergina, Bwana Plamen Ushev meneja, mpwa wake Nevena, na mbuzi waliobaki."

Niliposoma nilijipiga ishara ya msalaba.

"Shangazi, si dhambi hii?"

"Dhambi ipi? Tsolo amekufa au hajakufa?"

"Amekufa."

"Mwaka unatimia au hautimii?"

"Unatimia."

"Mbuzi wamo benki au hawamo?"

"Pesa zao zimo."

"Basi hata Padre Metodi hajawahi kusoma karatasi yenye ukweli mwingi kama hii."

"Na meneja kuwa mfiwa?"

"Atasikitika," alisema shangazi. "Mpe muda."

Nilimkimbilia Padre Metodi, nikitumaini atamkataza. Alisoma, akachana ndevu kwa vidole, akasoma tena. Akasema kumbukumbu huweza kusomwa popote waamini wanapokusanyika, na kwamba katika miaka yote ya utumishi wake hajaona palipoandikwa "isipokuwa benki." Baadaye nilisikia kwamba naye alikuwa na mkopo, wa bati la mnara wa kengele.

Tulibandika kila nguzo, Vranov Rid, mjini, na hata Dolni Brod ng'ambo ya mlima. Ya mwisho shangazi aliibandika kwenye mlango wa benki, mahali pale pale palipong'olewa karatasi yake. Plamen Ushev alitoka. Akasoma. Mkono wake ukainuka, ukafika karibu na karatasi, ukasimama hewani. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakimtazama. Tsolo pia alikuwa akimtazama. Mkono ukashuka, ukaingia mfukoni kama mbwa aliyekemewa.

Mzee mmoja kwenye foleni alivua kofia. "Pole sana, Bwana Meneja. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Hakuwa mtu wangu, mzee!"

"Pole," alisema mzee, kwa upole zaidi. "Naelewa. Msiba huumiza."

Nami naapa sikujua, na kama shangazi alijua, sasa analijibu hilo mahali panapofaa, lakini kulikuwa na jambo jingine ndani ya ile tanzia. Kwetu, wafiwa huandikwa kwa mpangilio: kwanza mke au mume, halafu watoto, ndipo wapwa na wengineo. Hakuna anayekosea, maana watu husoma wafiwa kabla hawajasoma marehemu. Na Plamen Ushev aliandikwa mara tu baada ya mke, kabla ya mpwa. Mahali pa mwana.

Gergina na Tsolo, kila mtu alijua, hawakuwa na mtoto.

Ikawa kama moto kwenye nyasi kavu. "Ndiyo maana amepandishwa cheo upesi." Upesi kwa vipi, na Tsolo hakuwa na cheo hata cha kufungua lango? Haikujalisha. "Mtazame pua." "Pua ile ile!" "Na kukaa. Umewahi kumwona amesimama? Daima yuko kwenye kiti." Ilipofika Jumatatu, wanawake wa Dolni Brod walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani kwa mama yake meneja, Mama Nayda, mjane mwenye heshima zake, wamebeba kahawa na sukari, kumpa pole kwa sauti ya chini na kumwambia kwamba yaliyopita si ndwele.

Shangazi wakati huo alikuwa anakwenda benki kila asubuhi, amevaa nyeusi tupu, akiketi kwenye kiti cha wateja karibu na mlango. Alisema anakaa matanga. Watu wakiingia kulipa umeme walimpa mkono, halafu wakampa mkono meneja kupitia dirishani. Siku hiyo ya Jumatatu nilikuwa pembeni yake mlango ulipofunguliwa kwa kishindo, akaingia Mama Nayda, mkoba mkononi kama rungu.

"Plamen!"

Meneja akatoka ofisini. "Mama? Mbona umekuja bila..."

Mkoba ulimpata begani. "Miaka sabini na moja nimetembea na jina safi! Sabini na moja! Leo nimeletewa sukari! Nimeulizwa kama baba yako alijua!"

"Mama, ni makosa, karatasi..."

"Karatasi umeiacha mlangoni wiki nzima!"

"Ni tanzia, mama! Ningeing'oa vipi?"

Mama Nayda akainua mkoba tena, akaushusha. Akageuka, akamwona shangazi.

"Wewe Gergina! Mumeo hakuwahi kunigusa hata kidole!"

"Najua, dada," alisema shangazi kwa utulivu. "Tsolo alikuwa mvivu. Kati ya kwetu na kwenu kuna mlima."

Halafu nikasikia sauti kama birika linaloanza kuchemka, na ilikuwa ni Mama Nayda anajizuia kucheka. Hakuweza. Alicheka hadi akakaa kwenye kiti cha pili, na shangazi akampa leso.

"Sasa niambie, shetani wewe," alisema akipangusa macho, "unataka nini kwa mtoto wangu?"

Shangazi akamweleza yote, toka Ijumaa Kuu hadi wale mbuzi. Mama Nayda alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Alimgeukia mwanawe.

"Marehemu atakaa njaa siku yake?"

"Mama, nimeshapiga simu Sofia mara nyingi. Wanasema linashughulikiwa." Plamen alilegeza tai. Akatoa pochi yake. "Mama Gergina, basi. Mimi nitalipa. Nunua chakula, maliza shughuli, uniondolee hii aibu."

Shangazi alizitazama noti, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

"Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini ukilipa wewe, chakula kitamwendea baba yako."

Plamen alibaki ameshika pochi. Mama Nayda akatazama sakafu.

"Na kingemfaa," alisema polepole. "Gatso wangu. Miaka mitatu sasa hajafanyiwa. Kila mwaka huyu ananiambia, mwakani mama, mwaka huu kazi nyingi."

Yoana aliacha kuhesabu noti. Plamen akarudi ofisini, akafunga mlango bila sauti.

Alhamisi ilipofika, ilikuwa pia siku ya pensheni. Sijui kama shangazi alilikumbuka hilo alipochagua mahali. Siku aliichagua Tsolo mwenyewe kwa kufa. Saa tano ukumbi wa benki ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Wengine walikuja na viti vyao. Shangazi alikuwa amechemsha ngano, kama tuwafanyiavyo marehemu, ngano ya shamba lake, akaichanganya na sukari na lozi, juu amechora msalaba. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa mezani, yaani kwenye kaunta namba mbili. Mkate, samaki, kuku wa kuchoma na divai alikuwa ameviagiza dukani ng'ambo ya barabara, navyo vilikuwa vikisubiri pale kwa sharti moja: mwenye duka asipokee hata senti ya mtu mwingine, na zisipofunguliwa pesa za mbuzi, airudishe mikate yake rafuni.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameshika mshumaa, na macho yake hayakutoka kwenye lile duka ng'ambo ya barabara. Ndipo nilipojua kwamba mchezo wote ule, kicheko chote kile, chini yake kulikuwa na mwanamke anayeogopa kwamba mumewe yuko mahali fulani, amekaa, anatazama mlango.

Plamen Ushev alitoka ofisini na simu, mama yake nyuma yake. Akaiweka kaunta, akabonyeza ili sauti isikike na wote.

"Makao makuu, kitengo cha marejesho," ilisema sauti ya mwanamke, imechoka.

"Bibie, ni Ushev tena. Ile akaunti ya Mama Gergina."

"Bwana Ushev, nimekwisha kukwambia, ombi lina hatua zake, linafika mezani kwangu, halafu..."

Hapo Padre Metodi, ambaye hakupenda kusubiri akiwa na njaa, alianza kuimba "Kumbukumbu ya milele." Ukumbi wote ukaitikia. Wazee, wajane, Yoana nyuma ya kioo, hata mlinzi wa mlangoni ambaye siku zote alijifanya hamwamini Mungu. Sauti zilipanda hadi vioo vikatetemeka.

"Kuna nini huko?" iliuliza sauti ya simuni wimbo ulipokwisha.

"Kumbukumbu, bibie," alisema Plamen. "Mwaka mmoja."

"Ya nani?"

"Ya Tsolo. Mwenye mbuzi."

"Ndani ya benki?"

"Ndani ya benki."

Kisha, kama anavyosema kila aliyelelewa na bibi katika nchi hii, hata akiwa Sofia, hata akiwa ghorofa ya saba, yule mwanamke alisema, "Mungu amrehemu."

"Mungu amrehemu!" uliitika ukumbi.

Shangazi akainamia simu. "Asante, binti yangu. Umeshatamka, na anayemwombea marehemu lazima ale chakula chake. Sasa fungu lako liko hapa, huwezi kulikataa. Nikutumie ngano kwa basi, au kuku?"

Tulisikia mwanamke anacheka, halafu anavuta pumzi puani kama mtu anayejizuia kulia. "Bibi yangu alikuwa akiniambia hivyo hivyo," alisema. "Nisomeeni namba ya akaunti."

Yoana akasoma. Tukasikia vidole vikigonga vitufe, si kwa muda mrefu.

"Imefunguka."

"Tayari?" aliuliza mzee wa mbele. "Siku thelathini za kazi ndiyo hizo?"

"Kumbe ni kitufe!" mwingine akasema, na ukumbi ukacheka hadi Padre akaangusha kitabu.

Shangazi alitoa pesa zote, kama desturi yake. Mimi na Yoana tulivuka barabara kuleta chakula. Tulikula kwenye ngazi za benki, chini ya picha ya Tsolo, na kila aliyepokea kipande cha mkate alisema Mungu amrehemu, na shangazi akanong'ona kila mara, "Kula, Tsolo. Kula, mvivu wangu." Kabla ya kuonja divai alimwaga matone ya kwanza juu ya vigae vya benki, na mlinzi hakuthubutu kuvifuta. Kisha Plamen Ushev alinunua mkate na mshumaa kwa pesa yake, akauwasha kando ya ule wa Tsolo. "Wa baba," alisema. Mama Nayda alimshika bega, bega lile lile alilolipiga kwa mkoba.

Tangu hapo Gatso hakukosa mwaka wake. Na kila sikukuu ya Mtakatifu Georgi, ambaye shangazi aliitwa kwa jina lake, meneja alikuja Vranov Rid na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, akamwita mama bila kulazimishwa, naye akamwita "mtoto wangu wa tanzia" mbele za watu hadi masikio yake yakawa mekundu upya.

Mwezi uliopita Mungu alimwita Gergina. Kwa sheria, mwenye akaunti akifa, akaunti inazuiwa, na Plamen alinipigia simu mwenyewe kuniarifu. Sauti yake ilikuwa ya aibu. Nilikwenda. Tukaangalia pamoja kwenye kompyuta kilichomo: lev moja, sarafu moja tu.

"Alitoa zote siku ya pensheni," alisema Yoana. "Hiyo moja alisema anaiacha kusudi, mashine isijikwae gizani."

Plamen alicheka, kisha akatoa leso, akageukia dirishani. Nilimwambia asihofu, meza ya arobaini ipo. Nilizikuta pesa chini ya gunia la ngano, zimefungwa kwa kitambaa, zake mwenyewe, za mbuzi wake mwenyewe, na ngano ya kuchemsha juu yake tayari imechaguliwa mawe. Hatakaa njaa kwa siku hata moja, na mimi nashukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Nilipokuwa naondoka kwenda kwa Mincho kuchapisha, Plamen alinifuata hadi mlangoni, akaniomba nakala moja ya kubandika pale.

"Nikuandike miongoni mwa wafiwa?" nilimuuliza. "Mama yako hatakuja na mkoba?"

"Mama amesema safari hii atakuja na sukari."

"Nikuandike wapi, basi?"

Aliutazama mlango, mahali palipokuwa na gundi ya zamani ambayo hakuna aliyeikwangua.

"Pale pale aliponiweka yeye," alisema.